Najisi Mpaka Jioni

Makori alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu wa Uriri. Kila alipochuna ng'ombe aliyejifia, aliteremka mtoni na kipande cha sabuni ya mche, akajisugua kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo, akavaa shati jingine, kisha akaketi juu ya jiwe na kulitazama jua. Hakumpa mtu mkono. Hakugusa kitabu chake cha nyimbo. Hakuingia nyumbani. Jua lilipozama upande wa ziwa, alisimama, akajikung'uta, akaenda kula ugali wake kama mtu aliyerudi kutoka safari.

"Msabato, umekwisha safika?" watu walimwuliza njiani.

"Nimesafika," alijibu, wala hakucheka.

Alikuwa Mkisii wa miaka hamsini na ushei. Yeye na mkewe Mong'ina waliteremka kutoka milimani zamani za ukoloni, wakafika Uriri kutafuta mahali pa kuishi, na kazi aliyoipata ikawa ya ngozi. Nyuma ya soko palikuwa na banda lenye paa la mabati na kuta zilizoachiwa nafasi za kupitisha upepo. Humo ngozi zilitandazwa kwenye fremu za miti, zikafungwa kwa kamba pande zote, zikakauka polepole kivulini. Wako waliozipigilia ngozi chini juani, zikakakamaa nje na kuoza ndani. Makori hakutaka hata kuwasikia watu hao. Yeye alikuwa na visu viwili: kimoja chenye ncha, cha kupasulia tumboni na miguuni, na cha pili kilichopinda, cha kutenganisha ngozi na nyama. Wanunuzi walipoziinua ngozi zake na kuzitazama kinyume na mwanga, hawakuona tundu, wala mahali kisu kilipoteleza. Walizikunja na kwenda zao bila maneno mengi. Kimya hicho kwake kilikuwa sifa ya kutosha.

Nyama ya mzoga hakuila hata kidogo. Dini yake ilikataza. Lakini kuchuna, alisema, ni kugusa tu, na kugusa kuna dawa yake. Aliyegusa mzoga huwa najisi mpaka jioni. Aoge, angoje jua lizame, kisha ni mtu kama watu wengine. Ndivyo alivyofundishwa alipobatizwa, na ndivyo alivyomfundisha binti yake wa pekee, Orpah, tangu akiwa mdogo.

Orpah aliolewa Mbita na fundi cherehani aitwaye Paul. Miaka mitano ilipita bila mtoto, na Mong'ina akazoea kuomba kwa sauti jikoni. Kisha, mwezi wa Machi mwaka wa 1966, habari ikaletwa na Filister, mwanamke aliyekuwa akija na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita: Orpah amejifungua mtoto wa kike, na mtoto amepewa jina la Gesare, mama yake Makori. Makori alikwenda bandani peke yake, akakaa humo kitambo. Alipotoka alimwambia mkewe kwamba mtoto yule hatalala juu ya mkeka. Atamtengenezea ngozi kwa mikono yake, laini kama shuka.

Ilibaki kupata ngozi inayofaa.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, mwaka watu walipokula mahindi ya njano ya msaada. Sasa mvua zilikuwa zimeanza, majani yalikuwa mafupi mno, na ng'ombe waliyang'oa pamoja na mizizi na udongo wake. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, asubuhi, Maroa alisimama mlangoni kwa Makori. Maroa alikuwa Mkuria, mfugaji, jirani na rafiki wa siku nyingi, mtu asiyeweza kusema jambo bila kulitia mzaha.

"Msabato! Mungu wako anakupenda leo," alisema. "Mtamba wangu amekufa Jumapili. Angekufa jana, ungemwacha avimbe mpaka apasuke."

"Amekufa kwa nini?"

"Jana alikunywa maji, akala, akanipiga teke. Leo nimemkuta chini. Kwani mimi ni daktari? Leta visu."

Mtamba alikuwa amelala ubavu nyuma ya boma, tumbo limejaa kama ngoma. Miguu haikuwa imekakamaa, ingawa mwili ulikwisha poa. Damu ilimtoka puani na chini ya mkia. Makori aliifuta kwa majani. Ikatoka tena, nyeusi, nyembamba, haigandi. Alisimama na kisu mkononi. Alikumbuka baraza la mwezi uliopita, alipozungumza Bwana Mifugo, kijana mmoja wa Kisii aliyeitwa Nyamweya. Ng'ombe akifa ghafla na damu yake isigande, alisema, msile, msimguse, niiteni mimi.

"Bwana Mifugo alisema tusiguse," Makori akasema.

Maroa akapiga makofi kwa furaha. "Nani anaogopa kugusa? Wewe? Wewe mwenye dawa ya kugusa? Si utakwenda kuketi juu ya jiwe lako!"

Makori alitabasamu. Akamtazama mtamba tena. Ngozi ilikuwa ya kahawia, yenye baka jeupe mgongoni, manyoya mafupi na laini. Akamwona Gesare, ambaye bado hakumjua sura, amelala katikati ya lile baka jeupe.

Akapiga magoti, akaanza.

"Na pua yako?" Maroa aliendelea, akiinama karibu. "Pua inakula harufu ya mzoga. Hiyo haikukatazwa?"

"Shika mguu, acha maneno."

"Nashika. Mimi sina jioni. Mimi nina njaa."

Ngozi ilitoka nzima, safi. Maroa alimpa kama ujira wa kuchuna. "Mpelekee mjukuu," alisema. "Mimi natafuta sufuria." Siku hiyo alikuwa peke yake, kwa maana mkewe Nyangi alikwenda kwao Isebania na watoto. Akachemsha nyama, akala, akabakiza ya kesho. Makori aliteremka mtoni, akaoga, akaketi juu ya jiwe. Jua likazama.

Jumatano Maroa alishikwa na tumbo. Alhamisi alitapika damu. Nyangi aliyeitwa upesi alifika Ijumaa mchana, akamkuta mumewe amefunikwa shuka. Mtu aliyekuwa akicheka Jumapili, sauti yake ikisikika hadi sokoni! Makori alisaidia kuchimba kaburi. Hakuweza kuamini. Lakini chini ya huzuni hiyo lilikuwamo wazo jingine, ambalo baadaye aliliona aibu kulitaja: Maroa alikula. Mimi sikula. Niligusa tu, nikaoga, jioni ikapita.

Kwa hiyo aliendelea na ngozi. Ilipokauka aliikwaruza upande wa nyama mpaka ikawa nyembamba, vumbi jeupe likimwangukia kwenye mikono. Akaipaka samli, akaifikicha, akaikunja na kuikunjua siku nzima. Jumatatu ilikuwa laini. Filister alikuwa anarudi Mbita na magunia matupu, na Makori akampa.

"Mwambie Orpah ni ya mtamba aliyejifia," alisema. "Mwambie hivyo hivyo, nisije nikamficha. Atajua la kufanya."

"Mimi nimwambie mtoto wako habari za mizoga?" Filister akasema. "Si nimwambie tu ni nzuri?"

"Mwambie yote mawili."

Jumatano asubuhi aliona kipele kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Kiliwasha kama palipoumwa na mbu. Alhamisi kikawa lengelenge, na malengelenge madogo yakalizunguka kama shanga. Ijumaa katikati pakawa peusi, peusi kama kipande cha mkaa, na mkono ukafura mpaka begani.

"Kinauma?" Mong'ina aliuliza, akikitazama kwa macho ya kutokipenda.

"Hakiumi."

"Kitu cheusi hivyo kinakosaje kuuma, Baba Orpah?"

"Sasa unataka kiume? Kama hakiumi ni kitu kidogo."

Alasiri hiyo Landrova ya Bwana Mifugo ilisimama mbele ya banda. Ng'ombe wengine wawili wa boma la Maroa walikuwa wamekufa, na Nyangi, kwa akili yake, hakumruhusu mtu kuwafungua. Alimtuma mtu Migori kutoa habari. Nyamweya alikuwa ametoka kuwatazama. Alikuja bandani kuuliza nani alimchuna yule wa kwanza, akainua macho, akauona mkono wa Makori.

"Mzee Makori, nani mwingine amekuona hivi?"

"Mke wangu. Ni kipele tu."

"Hiki ni kimeta, mzee. Ndicho kilichomwua Maroa."

"Maroa alikula."

"Na wewe ulichuna."

"Niligusa. Nikaoga. Jua likazama." Makori alisema hayo kwa utulivu, kama anayemweleza mtoto. "Ilikwisha siku ile ile."

Nyamweya naye alilelewa katika nyumba za Wasabato. Alielewa mara moja. "Mzee," alisema polepole, "kidudu hiki hakijui jioni. Kinajifunga ndani ya ganda kama mbegu, kinakaa kwenye udongo, kwenye manyoya, kwenye ngozi kavu. Kinakaa miaka. Sabuni haikiui, jua halikiui. Kikipata mkwaruzo kinaingia, kinaamka, na kinatema sumu inayokata mwili kwa ndani."

"Mbona hakinikati? Hakiumi."

"Kinakukata. Hujui tu."

Namna kilivyokata, Nyamweya hakuweza kueleza, wala siku hizo hapakuwa na aliyejua. Wataalamu walikuja kuigundua miaka mingi baadaye. Sehemu moja ya sumu ya kimeta ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi yake, na kazi ya hiki ni kukata protini nyingine. Penye makali yake kimeshika chembe moja ya zinki, madini yale yale yanayopakwa juu ya mabati yasishike kutu. Ukiiondoa zinki, kisu ni butu; ikiwapo, hupasua. Tena hakikati ovyo ovyo. Ndani ya seli za mwili zimo protini zinazofanya kazi ya tarishi, zikipeleka habari kwamba adui ameingia. Kimeng'enya huzikata ncha tu, mahali pale pale kila mara, nazo haziwezi kupeleka habari tena. Walinzi wa mwili hukaa kimya huku nyumba ikiingiliwa. Katika Uriri nzima, mtu ambaye angeielewa habari hiyo kuliko wote ni Makori, aliyejua kwamba ng'ombe mzima hufunguka ukijua mahali pa kuanzia.

Lakini siku ile alikuwa na mkono uliovimba tu, na mtu aliyekuwa akimwuliza swali.

"Ngozi yenyewe iko wapi?"

Makori aliitazama fremu iliyokuwa tupu.

"Mzee. Ngozi ya mtamba. Iko wapi?"

"Mbita," alisema. Kisha akashika fremu, na fremu ikaanguka pamoja naye. "Iko Mbita. Mjukuu wangu anailalia."

Alidungwa sindano ya penisilini jioni hiyo kwenye zahanati. Mganga alisema alale kitandani siku tatu. Alfajiri, Mong'ina alimkuta anavaa viatu kwa mkono mmoja.

"Leo ni Sabato," alisema, ingawa tayari alikuwa amemshikia kamba ya kiatu.

"Funga, Mama Orpah."

Akafunga.

Nyamweya alimpeleka kwa Landrova mpaka Homa Bay, na kutoka huko wakapanda boti ya injini kwenda Mbita. Njia nzima Makori alikuwa akihesabu siku. Filister aliondoka Jumatatu, alifika Jumanne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kisha alianza tena tangu Jumanne, kana kwamba safari hii zingekuwa chache. Tumaini lake lilikuwa moja: huenda Orpah alichukizwa na ngozi ya mzoga. Huenda aliitupa. Alimwomba Mungu binti yake awe amemdharau.

Walifika saa sita. Mtaa ulikuwa kimya, watu wako kanisani, Paul pia. Orpah alibaki nyumbani na mtoto. Alipomwona baba yake mlangoni alipiga kelele ya furaha, kisha akaona mkono uliofungwa bendeji, kisha akakumbuka siku.

"Tata! Umesafiri Sabato?"

"Ngozi iko wapi?"

"Hata salamu hakuna? Iko ndani, imependeza sana. Filister aliniambia ulivyosema."

"Ukafanya nini?"

Orpah akacheka, akijivunia. "Nilifanya kama ulivyonifundisha. Ilikuja mchana, nikaianika uani. Nikasema haiingii ndani mpaka jioni. Majirani walinicheka. Jua lilipozama, nikaiingiza, nikamlaza mtoto."

Makori aliegemea ukuta. Alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kwa sauti ya binti yake, na hakuna pigo lililowahi kumpata kama lile.

Gesare alikuwa amelala kitandani katikati ya baka jeupe, kama alivyomwona siku ile nyuma ya boma. Alikuwa mzuri. Ngumi zake zilikuwa zimefungwa.

"Mtazame alivyo mpole," Orpah alinong'ona. "Tangu jana hata halii."

Nyamweya alimgeuza mtoto kwa vidole viwili. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na lengelenge, limezungukwa na mengine madogo kama shanga, na katikati pameanza kuwa peusi.

"Ameumwa na mbu," Orpah alisema. "Hapamsumbui kabisa." Kisha akaziona nyuso zao. "Tata? Tata, ni nini? Niambie ni nini!"

Ni Nyamweya aliyemwambia, maana Makori hakuweza. Alimwambia kwa maneno machache huku akimfunga mtoto kwenye kanga safi na kumsukuma mama mlangoni. Orpah hakulia. Alimtazama baba yake mara moja tu, kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyepigwa na mkono uliokuwa ukimlisha. Wakaondoka mbio kwenda zahanati kupata sindano ya kwanza, na kutoka huko boti na hospitali.

Makori alibaki na ngozi.

Aliizoa kwa jembe, bila kuigusa, akaiburuta hadi nyuma ya choo mahali palipokuwa wazi. Alichimba shimo kwa mkono wa kushoto, refu mpaka kiunoni, jasho likimtoka kama maji. Akaisukumia ngozi humo, akakusanya kuni. Kisha akaenda kwa jirani kuomba mafuta ya taa na kiberiti.

Kwa miaka thelathini hakuwa amewasha moto siku ya Sabato. Chakula cha siku hiyo kilipikwa Ijumaa. Hata chai aliinywa baridi. Aliposugua njiti ya kwanza ilizimika, na ya pili. Ya tatu ilishika. Ngozi ilijikunja, baka jeupe likawa la kahawia, kisha jeusi. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kanisani, wakiwa na vitabu vyao kwapani, walisimama barabarani na kumtazama mzee mgeni aliyechochea moto mkubwa mchana wa Sabato huku machozi yakimtiririka. Mmoja wao alikuwa Paul, ambaye hakujua bado lolote. Makori alimwita kwa mkono, akamwambia.

Gesare alikaa hospitalini Homa Bay majuma matatu. Kwa siku nne za mwanzo shingo ilimvimba hata uso ukapotea, na Mong'ina, aliyewafuata kwa basi, alianza kuongea na Mungu kwa ukali. Siku ya tano, asubuhi, mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu, wodi nzima ikasikia. Makori alikuwa nje kwenye benchi. Alisimama na kofia mkononi, akasikiliza kilio kile mpaka mwisho.

Aliporudi Uriri, wazee wa kanisa walimwita. Habari ya moto ilikuwa imefika kabla yake. Walikaa mstari mmoja kwenye benchi, na mkubwa wao, Ratemo, mtu mwema aliyembatiza Orpah, ndiye aliyeuliza.

"Ndugu Makori, ni kweli uliwasha moto Sabato?"

"Ni kweli."

"Tumesikia habari ya mtoto. Tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto alikwisha ondoka na daktari wa mifugo. Nyumba ilikuwa tupu. Ngozi ilikuwa shimoni." Ratemo alisema kwa upole, akitafuta njia ya kumsaidia. "Saa chache tu zilibaki. Kwa nini hukungoja mpaka jioni?"

Kovu la mkono wa Makori lilikuwa bado bichi, jekundu, la ukubwa wa shilingi. Akalifunika kwa kiganja.

"Mzee Ratemo," alisema, "binti yangu alingoja."